Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kusoma Hadithi za Watoto Wakimbizi kwa Jicho la Imani

Kila Krismasi watoto wa shule ya Jumapili huigiza kuzaliwa kwa Bwana wetu. Wapo wachungaji wenye fimbo, wapo mamajusi wenye zawadi, wapo malaika waliofungwa shuka nyeupe mabegani. Mara nyingi igizo huishia pale mamajusi wanapopiga magoti. Lakini Injili ya Mathayo haiishii hapo. Katika sura ile ile ya pili, mamajusi wakiisha kuondoka, Yusufu anaamshwa usiku, anamchukua mtoto na mama yake na kuvuka mpaka kwenda Misri, kwa sababu yuko mfalme anayetaka kumwua mtoto huyo. Mwokozi wetu alikuwa mkimbizi kabla hajajua kusoma. Kuhusu maisha ya Misri, Mathayo hatuambii kitu: waliishi kwa nani, mtoto alicheza na nani, majirani walimwitaje.

Tunaweza kusema kwamba sura hiyo isiyoandikwa ndiyo inayoandikwa leo na waandishi wa hadithi za watoto wakimbizi. Katika miaka 25 hivi iliyopita vitabu vya namna hii vimekuwa vingi, hasa kwa Kiingereza. Havina sungura wanaozungumza wala majini. Ni hadithi za maisha ya kweli: mtoto anakimbia vita, anafika ugenini, anajifunza lugha mpya, anatafuta mama yake. Katika makala hii nitavitazama vinne. Nitasimulia kila kimoja kwa kirefu cha kutosha ili msharika ambaye hajakiona aweze kunifuata, na kukubali au kukataa ninayosema.

Huenda mtu akauliza, vitabu vya Kiingereza vya watoto vinahusianaje na mkusanyiko wa makala za imani? Vinahusiana, kwa sababu mtoto hujifunza jirani yake ni nani mapema sana, na mara nyingi hujifunza kwa hadithi kabla ya mahubiri. Pia jambo lenyewe liko mlangoni petu. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imepokea ndugu zetu Wakongo tangu mwaka 1996, na kuanzia mwaka 2015 ikapokea Warundi kwa wingi. Katika maeneo mengi ya nchi yetu neno "mkimbizi" limegeuka kuwa tusi la uwanja wa shule. Mtoto anayetukanwa kwa neno hilo, na mtoto anayelitamka, huenda wote wawili wako katika shule zetu za Jumapili.

Nitavipima vitabu hivi kwa maswali mawili. La kwanza: je, mtoto mkimbizi ameandikwa kama mtu kamili aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, mwenye hasira, kicheko, dhambi na maamuzi yake mwenyewe? Au ameandikwa kama jeraha lenye miguu? La pili: je, kitabu kinamdai mwenyeji nini? Torati, katika Walawi 19, inapoamuru kwamba mgeni apendwe, haitoi huruma kuwa sababu. Inawakumbusha Waisraeli kwamba wao pia walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Amri hiyo imejengwa juu ya kumbukumbu. Kitabu kinachomfanya msomaji alie kisha akifunge bado hakijafikia kipimo cha Walawi.

Kiti cha nyuma darasani

Nianze na kitabu chepesi kuliko vyote, na ambacho watoto wa Uingereza wamekipenda sana: The Boy at the Back of the Class cha Onjali Q. Raúf, kilichotoka mwaka 2018. Mwandishi huyu alikuwa amejitolea kupeleka misaada katika kambi za wakimbizi kaskazini mwa Ufaransa, na hasira yake njema inasikika kila ukurasa. Tuko katika darasa moja la London. Nyuma kuna kiti kitupu. Siku moja kiti kinapata mwenyewe: Ahmet, mvulana wa miaka tisa kutoka Syria, ambaye hasemi na mtu na wala haonekani uwanjani wakati wa mapumziko. Mwanafunzi mwenzake ndiye anayetusimulia. Yeye na rafiki zake watatu wanaanza kumpelekea zawadi ndogo ndogo, wanatafuta komamanga kwa sababu ni tunda la kwao, na polepole wanapata habari zake. Mdogo wake wa kike alikufa baharini. Wazazi wake hawajulikani walipo. Watoto wanaposikia kwamba nchi itafunga milango kwa wakimbizi, wanaamua kumpelekea Malkia barua wenyewe ili wazazi wa Ahmet watafutwe kabla milango haijafungwa.

Kitabu hiki kina mazuri mengi. Kinaonyesha jinsi maneno ya watu wazima yanavyosafiri: yanayosemwa mezani nyumbani jioni, kesho yake asubuhi mtoto mchokozi anayarudia shuleni. Kinaonyesha pia kwamba walimu si wamoja. Yupo anayefungua mlango na yupo anayeukunja uso. Mtoto wa miaka minane anaweza kukisoma hadi mwisho akicheka, kisha akamuuliza mzazi wake swali gumu.

Lakini tukiuliza swali letu la kwanza, kitabu kinayumba. Ahmet ndiye sababu ya hadithi, ila hadithi si yake. Safari yake tunaipata kwa michoro anayochora na kwa kinywa cha wengine. Hatari, mbio, gazeti na televisheni ni vya wenzake, na Malkia anawajibu wao. Mwandishi ametumia ufundi mmoja wa kuvutia: kwa sehemu kubwa ya kitabu hatujui jina la msimuliaji, wala kama ni mvulana au msichana. Hivyo mtoto yeyote anayesoma anaweza kukaa katika nafasi ya rafiki mwema. Nafasi ya Ahmet haikuachwa wazi namna hiyo. Hakuna ukurasa unaomwambia msomaji, huyu angeweza kuwa wewe.

Hapa tukumbuke Luka 10. Mwanasheria alimwuliza Yesu jirani yake ni nani. Aliuliza akiwa amesimama, mtu mwenye uwezo wa kuchagua amsaidie nani. Bwana alipomaliza kusimulia aligeuza swali: kati ya wale watatu, nani alikuwa jirani wa yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi? Ni swali linaloulizwa kutoka chini barabarani, penye vumbi na damu. Kitabu cha Raúf kinamfundisha mtoto kuwa Msamaria, na hilo ni jema sana. Hakimfundishi kutazama barabara kwa macho ya aliyelala. Mwalimu akikitumia, aongeze swali hilo mwenyewe.

Ng'ombe katikati ya theluji

Cha pili ni Home of the Brave cha Mmarekani Katherine Applegate, cha mwaka 2007. Kimeandikwa kwa mistari mifupi kama shairi huru. Kek ni mvulana kutoka Sudan, wa jamii ya wafugaji. Baba yake na kaka yake wameuawa, mama yake amepotea. Anashushwa kwenye ndege huko Minnesota katikati ya majira ya baridi, kwenda kuishi na shangazi yake na binamu yake Ganwar, aliyepoteza mkono vitani. Njiani kutoka uwanja wa ndege anamwona ng'ombe, mmoja tu, amekonda, katika shamba lililochoka. Kek anamwendea mwenye shamba, mama mzee aitwaye Lou, na kuomba kazi ya kumtunza. Anampa ng'ombe jina Gol, neno ambalo katika lugha ya kwao lina maana ya jamaa.

Msomaji wa Kiswahili anakiona katika kitabu hiki kitu ambacho pengine hata mwandishi hakukilenga. Sisi tuna methali mbili juu ya mgeni, na watu hudhani zinapingana. Moja husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyingine husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wengi hutumia ile ya kwanza kumsukuma mgeni aondoke. Katika hadithi ya Kek zinakuwa methali moja. Kek anaacha kuwa mgeni siku anapopata jembe lake, yaani ndoo, nyasi na zizi la kusafisha. Na kwa kazi hiyo hiyo wenyeji wanapona. Lou ni mpweke, shamba linamshinda. Hannah, msichana jirani anayelelewa na watu wasio wazazi wake, anamtamani mama yake kama Kek anavyomtamani wake. Mgeni ameleta kitu ambacho wenyeji hawakuwa nacho. Waebrania 13 inatuonya kwamba waliokaribisha wageni wakati mwingine walikaribisha malaika bila kujua. Kek si malaika, na ni vizuri hivyo. Ni mtoto anayejua kukama.

Udhaifu wake upo wazi. Baadhi ya vichekesho vinatoka katika ujinga wa Kek juu ya vitu vya Marekani: anaosha vyombo katika mashine ya kufulia nguo, vinavunjika. Mtoto msomaji anacheka, na ni halali kucheka, lakini kicheko hicho ni cha mwenyeji. Mtoto wa Minneapolis aliyeshushwa katikati ya zizi la Wadinka angechekesha zaidi, ila kitabu hakimpeleki huko. Mwisho nao ni mtamu mno. Ng'ombe anapata makao katika bustani ya wanyama, na mama anapatikana hai. Mambo hayo hutokea, lakini kitabu kinayapanga kana kwamba tumaini la mtoto ndilo lililoyavuta.

Kinachokiokoa kitabu na utamu huo ni Ganwar. Yeye hataki kutumaini. Amechoka, ana uchungu, anamkaripia Kek kwa kusubiri. Mwandishi hamwadhibu kwa hilo wala hamfanyi atubu mwishoni ili tufurahi. Ganwar ni zaburi ya maombolezo iliyokaa kwenye kochi. Kanisa linalojua kuimba sifa pekee halitajua la kumwambia kijana kama huyu, na wapo wengi. Zaburi ya 88 haina mstari wa furaha hata mwisho wake, na bado imo katika Biblia.

Uongo unaookoa

Kitabu cha tatu ndicho kigumu zaidi kwa Mkristo, na kwa sababu hiyo nakiona kuwa cha thamani. The Other Side of Truth cha Beverley Naidoo kilitoka mwaka 2000 na kikapata Medali ya Carnegie, tuzo kubwa ya vitabu vya watoto nchini Uingereza. Naidoo alizaliwa Afrika Kusini, akafungwa na serikali ya ubaguzi wa rangi, na mwaka 1965 akaenda Uingereza na kuishi uhamishoni. Kwa hiyo anaijua hali ya mtu asiyeweza kurudi kwao.

Hadithi inaanza Lagos, Nigeria, mwaka 1995, mara baada ya serikali ya kijeshi kumnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa. Baba wa Sade na Femi ni mwandishi wa habari anayeandika ukweli. Risasi iliyokusudiwa kwake inamwua mama yao mlangoni pa nyumba. Katika muda mfupi watoto wanavushwa hadi London kwa pasipoti za uongo, na mwanamke aliyelipwa kujifanya mama yao. Mwanamke huyo anawatelekeza stesheni. Mjomba waliyeambiwa watamkuta haonekani. Wanazurura kwenye baridi, wanashukiwa na polisi, kisha wanachukuliwa na maofisa ustawi wa jamii. Wanapoulizwa majina yao, Sade anataja jina la uongo. Anaogopa kwamba akisema kweli, baba yake aliyebaki Nigeria atauawa.

Hapo ndipo kitabu kinaposhika moyo. Mtoto huyu amelelewa katika nyumba ambayo ukweli ulikuwa chakula cha kila siku. Baba yake amepoteza kila kitu kwa ajili ya ukweli. Na sasa ukweli huo huo ndio anaopaswa kuuficha. Baadaye baba naye anafika kwa pasipoti isiyo yake, na anatiwa kizuizini. Maofisa wanauliza swali ambalo tumelisikia hata kwetu: kama una haki, kwa nini ulidanganya ili uingie?

Sisi Wakristo hatuwezi kulikwepa swali hilo kwa kusema tu kwamba uongo ni dhambi. Katika Kutoka 1, wakunga Waebrania walimdanganya Farao ili watoto waishi, na Maandiko yanasema Mungu aliwatendea mema. Rahabu aliwaficha wapelelezi akasema wamekwisha kuondoka, na Waebrania 11 inamtaja kati ya mashujaa wa imani. Sikusudii kuwafundisha watoto kwamba uongo ni halali. Ninachosema ni kwamba Biblia inamjua Farao. Inajua kwamba mahali penye Farao mzigo wa uongo hauwezi kuwekwa wote juu ya mkunga. Kitabu cha Naidoo kinamjua Farao pia, na kinamwacha Sade ahisi uzito wa kila neno la uongo. Hakumfanya shujaa asiyeumia.

Tena hakumfanya asiye na hatia. Shuleni London wasichana wawili wachokozi wanamlazimisha Sade aibe katika duka la mjomba wa Mariam, msichana Msomali ambaye naye ni mkimbizi. Anaiba. Mkimbizi anamwibia mkimbizi, na aibu inamtafuna. Ukurasa huo unajibu swali letu la kwanza vizuri kuliko kurasa mia za machozi. Kusema kwamba mtoto ana dhamiri inayoweza kushindwa na kuumia ni kusema kwamba ni mtu kama sisi. Wakimbizi wanaoandikwa bila dosari huwa hawana nafsi. Na ole wake mkimbizi wa kweli atakayefika kijijini akiwa na dosari, baada ya sisi kusomeshwa kwamba wote ni watakatifu.

Mwishoni Sade anamwendea mtangazaji wa taarifa ya habari ya televisheni na kumweleza habari za baba yake. Linganisheni na barua ya Malkia katika kitabu cha kwanza. Vitabu vyote viwili vinatumia vyombo vya habari kufungua mlango. Lakini hapa mtoto mkimbizi mwenyewe ndiye anayesema, kwa jina lake la kweli. Safari ya kitabu kizima ni safari ya kulirudia jina hilo.

Miaka ya kusubiri

Kitabu cha nne kiko karibu nasi zaidi. When Stars Are Scattered, cha mwaka 2020, ni kitabu cha michoro kilichotungwa na Victoria Jamieson pamoja na Omar Mohamed. Omar ndiye mtoto wa hadithi. Aliikimbia Somalia akiwa mdogo sana pamoja na mdogo wake Hassan, baba yao alipouawa na mama yao alipotoweka. Waliishi Dadaab, Kenya, kwa miaka kama 15. Kambi za Dadaab zilianzishwa mwaka 1991 kama hifadhi ya muda. Katika neno "muda" ndimo watoto hawa walimokulia.

Ubora wa kitabu uko katika kusubiri. Vitabu vitatu vya kwanza vina mbio. Hiki kina foleni. Foleni ya maji, foleni ya mgao, foleni ya kutazama orodha ya majina ya watakaoitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Jina halipo. Wiki nyingine, halipo. Linapotokea, wanahojiwa, kisha wanarudi kusubiri tena kwa miaka. Michoro inafaa sana hapa, kwa kuwa msomaji anaona hema lile lile na vumbi lile lile ukurasa baada ya ukurasa, huku watoto wakirefuka.

Hassan hasemi ila neno moja, neno la Kisomali la kumwita mama, na anasumbuliwa na kifafa. Omar anapopewa nafasi ya kwenda shule, inambidi achague: aende akasome au abaki kumlinda mdogo wake? Mwandishi mvivu angemtumia Hassan kama msalaba wa Omar. Humu Hassan ana rafiki zake, ana vichekesho vyake, anawasaidia majirani kubeba maji, na watu wa kambi wanamfahamu. Omar anampenda na mara nyingine anachoshwa naye. Yote mawili yamesemwa waziwazi.

Halafu yupo Fatuma, mama mlezi wao. Ni mwanamke mzee aliyepoteza watoto wake vitani, na hema lake liko karibu na la kwao. Hana mshahara wala cheo. Anawaamsha, anawapikia, anamkalia Hassan ili Omar aende shule. Fatuma ni Mwislamu, na watoto hao wanaswali kama alivyowafundisha. Mkristo anayesoma asiruke jambo hilo haraka. Bwana wetu alipotaka kutuonyesha upendo wa jirani hakumchagua kuhani wala Mlawi. Alimchagua mtu ambaye wasikilizaji wake waliona kuwa dini yake haikunyooka. Nikiulizwa ni nani katika vitabu hivi vinne anayetenda Mathayo 25 bila kujua kwamba anaitenda, nitamtaja Fatuma kabla ya Lou, na kabla ya Malkia wa Uingereza.

Kitabu hakifichi kwamba nafasi hazitolewi sawa. Msichana mmoja mwenye akili darasani anaozwa akiwa bado mwanafunzi. Mzazi mmoja anajizamisha katika miraa. Na siku Omar na Hassan wanapopanda ndege, Fatuma anabaki.

Wanaobaki

Hilo linanifikisha kwenye lawama yangu kubwa kwa aina nzima ya hadithi hizi, hata zile nilizozisifu. Karibu zote zinaelekea kaskazini. Hadithi inaanza Afrika au Asia kwa moto na inaishia Ulaya au Marekani kwa dirisha lenye mwanga. Ndege ndiyo wokovu. Lakini kwa mwaka mmoja, wakimbizi wanaohamishiwa nchi ya tatu hawafiki hata asilimia moja ya wakimbizi wote duniani. Wengi zaidi wanaishi katika nchi jirani na ile waliyoikimbia. Maana yake ni kwamba mwenyeji wa kweli wa mkimbizi leo ni mkulima wa Kasulu, muuza duka wa Garissa, au mwanamke wa magharibi mwa Uganda aliyetoa sehemu ya shamba lake. Mwenyeji huyo hayumo vitabuni. Akitokea ni polisi wa mpakani au kivuli njiani.

Kuna kosa la kiimani ndani ya jambo hilo, mbali na kosa la hesabu. Ikiwa wokovu ni ndege, basi aliyebaki hakuokolewa, na Fatuma ni masalio ya hadithi. Ruthu hakupanda kwenda mahali pa utajiri. Alivuka mpaka mmoja akafika Bethlehemu, akaokota masazo katika shamba la jirani, akawa mama wa babu yake mfalme Daudi. Hadithi yake yote ni ya wenyeji wa kawaida na mavuno ya kawaida.

Sisi tunayo hadithi kama hiyo, na ni ya kweli. Warundi waliokimbilia nchini mwetu mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walifyeka pori, walilima, walizaa, na watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya watu hao walithibitishwa kuwa raia wa Tanzania. Kanisa lilikuwamo katika kazi hiyo. Tanganyika Christian Refugee Service ilianzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, na wazee wengi wanaikumbuka kwa visima na barabara. Basi fikirini kitabu cha mtoto wa Mishamo: siku anapojua kwamba nyumbani kwa bibi kunakosimuliwa kila jioni ni nchi ambayo yeye hajaiona, siku baba anapoulizwa achague kurudi au kuwa raia, siku mtoto mwenzake anapomwita mkimbizi ingawa amezaliwa hapa. Hakuna ndege katika kitabu hicho. Kuna jembe, shule, kanisa, na swali la nani ni wa hapa.

Kitabu hicho hakitaandikwa London. Makanisa yetu yana wachapaji, yana maduka ya vitabu, yana waandishi wa masomo ya shule ya Jumapili. Kila mwaka tunatoa vitabu vya watoto kuhusu Danieli na simba, na tuendelee kuvitoa. Lakini Danieli naye alikuwa kijana aliyechukuliwa kwao kwa nguvu, akabadilishwa jina, akasomeshwa lugha ya wageni, akakataa chakula chao. Tunamfundisha kama shujaa wa simba tu, na mtoto wa Nyarugusu aliyekaa benchi la mbele hapati kujua kwamba yumo katika Biblia.

Kwa walimu wa watoto nina shauri moja la kazi. Wasisubiri vitabu hivyo vitafsiriwe. Wawasimulie watoto habari za Sade, wakiishia pale anapoulizwa jina lake, kisha wawaulize: ungejibu nini, na kwa nini? Wawasimulie habari za Omar mbele ya mlango wa shule, Hassan akiwa ameshika mkono wake. Wasitoe jibu haraka. Na kama darasani yupo mtoto aliyevuka mpaka, wasimfanye kielelezo mbele ya wenzake, maana hakuja shule ya Jumapili kuwa somo. Wampe nafasi ya kusimulia akitaka, na akinyamaza, wanyamaze naye. Ipo siku atasema mwenyewe, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Uvira au Makamba. Kanisa liwe na karatasi na wino tayari.